Tuhesabu Joto Kwanza, Jiko Baadaye
Somo kwa vikundi vyenye grinihausi



Kila mwaka mwezi wa sita ukifika, swali moja hutufikia kutoka vikundi vya huku kwetu kwenye chai. Wanasema: nyanya zetu ndani ya grinihausi zimekataa. Maua yanaanguka, matunda ni madogo, majani yana madoa. Fundi ametuambia anaweza kutuchomelea jiko la pipa lenye bomba la kutoa moshi, tuwe tunawasha usiku mimea ipate joto. Je, tutoe pesa za chama au tusitoe?

Ni swali zuri, na pesa za chama si za kuchezea. Kuna akina mama ambao mchango wao wa wiki umetoka kwa majani ya chai waliyoamka saa kumi na moja kuchuma. Kwa hivyo hatutajibu ndiyo wala la kutoka mezani hapa. Tutawaonyesha namna ya kukadiria joto ambalo grinihausi yenu inahitaji, halafu mtajibu wenyewe. Mnahitaji tepu ya kupimia, kipimajoto kimoja cha ukutani, kalamu na daftari. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawa tu. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuwasaidia.

Kwanza tuelewane juu ya hii baridi. Huko Ulaya, majira ya baridi ni miezi mitatu au minne, na wakulima wao hupasha joto grinihausi mchana na usiku. Hata kwao ni mzigo: bei ya gesi ilipopanda sana mwaka 2021 na 2022, wakulima wengi wa Uholanzi waliacha baadhi ya nyumba zao bila kupanda kitu. Sisi tuko karibu na ikweta. Mchana, hata mwezi wa saba, jua likitokeza kidogo tu ndani ya nailoni panakuwa moto. Shida yetu ni usiku, na shida hiyo inatokana na kimo. Mji wa Kericho uko juu ya mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 100, baridi huongezeka kwa nusu digrii au zaidi kidogo. Ndiyo maana mtu wa Londiani huvaa koti wakati mtu wa Sotik bado yuko na shati, na ndiyo maana hesabu ya kikundi cha Londiani haiwezi kuwa sawa na ya kikundi cha Sotik.

Kuna na baridi nyingine, ya Januari na Februari, ambayo wengi huisahau kwa sababu mchana wake ni wa jua kali. Usiku ukiwa hauna mawingu wala upepo, joto la ardhi hupaa moja kwa moja kwenda angani, na hewa baridi huteremka na kutulia bondeni kama maji. Januari 2012 jalidi, ile barafu ya alfajiri, iliunguza majani ya chai katika mashamba mengi ya Kericho na Nandi. Kama grinihausi yenu mmeijenga chini kabisa karibu na mto ili maji yawe karibu, mjue kwamba mmeijenga pia mahali ambapo baridi hulala.

Sasa, nailoni inashika joto namna gani? Ukweli ni kwamba haishiki sana. Nailoni ni kama shuka moja, si blanketi. Joto la ndani hupita kwenye nailoni na kutoka nje usiku kucha. Wataalamu wamepima: kila mita moja ya mraba ya nailoni ya tabaka moja hupoteza kama wati 7 kwa kila digrii moja ambayo ndani kuna joto kuliko nje. Mkiweka matabaka mawili yenye nafasi ya hewa katikati, hushuka hadi kama wati 4. Hiyo namba 7 ndiyo ya kukariri. Tena ni ya nailoni nzima. Huku kwetu mvua ya mawe haitangazi inapokuja, na nailoni yenye matundu au ukuta wa neti ya wadudu usiofunikwa usiku hauna hesabu kabisa, joto linatoka tu kama moshi. Kikundi ambacho kuta zake ni neti tupu kisisome zaidi kuhusu jiko. Kiende kwanza kitafute nailoni ya kuteremsha jioni.

Tuchukue mfano wa grinihausi ambayo vikundi vingi vinayo, ya mita 8 kwa 15. Tuseme ukuta una kimo cha mita 2 na paa linainuka katikati hadi mita 3 na nusu. Pimeni nailoni yote, si sakafu. Hapa wengi hukosea, wanapima sakafu, wanapata mita 120 na kufurahi. Joto halitoki kwa sakafu, linatoka kwa nailoni. Mteremko mmoja wa paa ni karibu mita 4.27 kwa 15, na iko miteremko miwili: mita za mraba 128. Kuta mbili ndefu, 2 kwa 15 kila moja: 60. Kuta mbili za mbele na nyuma pamoja na pembetatu zake za juu: 44. Jumla ni 232, karibu mara mbili ya sakafu.

Hatua ya pili ni kipimajoto. Kitundikeni nje karibu na grinihausi, mahali ambapo hakipigwi na mvua, kimo cha kifua cha mtu mzima. Kwa usiku saba, wanakikundi wapokezane kukisoma saa tatu usiku, saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili alfajiri. Tunajua saa tisa ya usiku ni ngumu, lakini kama mnafikiria kuwasha jiko usiku kucha kwa miezi mitatu, hizi siku saba ni za kujaribu kama mnaweza. Na kama hakuna anayekubali kuamka, basi jibu lenu mmeshalipata kabla ya kufika kwenye hesabu.

Tuseme usiku mmoja mmesoma digrii 14, kisha 12, kisha 10, kisha 9. Jumlisheni mpate 45, mgawe kwa 4. Mnapata digrii 11 na robo, tuite 11. Nyanya zinataka nini? Usiku ukishuka chini ya digrii 13 hivi, maua hayashiki tunda vizuri. Tuweke lengo la 15 ili tuwe na nafasi kidogo. Kutoka 11 hadi 15 ni digrii 4.

Sasa zidisheni: mita 232 mara wati 7 mara digrii 4. Inakuja wati 6,496, yaani kama 6,500. Pasi moja ya stima ya kawaida ni kama wati 1,000. Kwa hivyo ni kama kuacha pasi sita na nusu zikiwaka ndani ya shamba usiku kucha. Kutoka saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi ni masaa 10. Wati 1,000 zikiwaka saa moja ndiyo ile yuniti moja mnayonunua kwa tokeni. Kwa hivyo usiku mmoja unataka yuniti 65.

Hapa kuna jambo la kuwa makini nalo. Ile wastani ya 11 inatuambia tutatumia kuni kiasi gani. Lakini ukubwa wa jiko unapimwa na ile saa ya baridi zaidi, si wastani. Kwa digrii 9 za alfajiri tunahitaji digrii 6 za kuongeza, yaani wati 9,700 na zaidi. Na usiku wa Januari ukishuka hadi 5, tunahitaji wati 16,000. Kwa hivyo fundi akiwaambia jiko lake linatosha, mwulizeni swali moja tu: linatosha kwa nje ikiwa digrii ngapi? Udongo uliopata jua mchana utawasaidia kidogo, upepo utawapunguzia. Hatukatai kwamba haya ni makadirio. Lakini makadirio yanayokosea kwa moja ya tano ni bora kuliko kubahatisha.

Twende kwa gharama. Tuanze na stima kwa sababu ni rahisi kuhesabu. Tuseme yuniti ni shilingi 25. Angalieni tokeni yenu wenyewe, mgawe pesa kwa yuniti. Yuniti 65 ni shilingi 1,625 kwa usiku mmoja. Kwa siku 90 za Juni hadi Agosti ni shilingi 146,250. Kama mnauza nyanya kwa shilingi 60 kilo, ni lazima mvune karibu kilo 2,440 za ziada kulipia joto tu, kabla ya mbegu, dawa na mbolea. Za ziada, tunasema, si zile ambazo mngevuna hata bila joto. Nyumba moja ya 8 kwa 15 haina uwezo wa kuongeza nyanya hizo kwa sababu ya usiku wenye joto.

Kuni je? Kilo moja ya kuni iliyokauka vizuri ina kama yuniti 4 za joto. Jiko la pipa lenye bomba hupoteza sehemu kubwa kwenye moshi, kwa hivyo tuhesabu nusu, yuniti 2. Yuniti 65 ni kilo 32 au 33 kwa usiku. Huo ni mzigo mzito wa mama mmoja mgongoni, kila siku ya Mungu kwa miezi mitatu. Jumla ni karibu tani 3 za kuni kavu, kwa nyumba moja. Kuni mbichi ni mbaya zaidi, kwa sababu moto hutumika kwanza kukausha maji yaliyo ndani yake. Wenye msitu wao wa mikaratusi waangalie hapa kwa makini: tani 3 hizo mngeuza pesa ngapi? Viwanda vya chai vinatafuta kuni kila siku kwa boila zao. Kuni za shamba lako si za bure, hata kama hukuzinunua.

Na mtu atauliza juu ya mkaa. Kilo ya mkaa ina yuniti 8 hivi, na ukiweka jiko la mkaa ndani bila bomba, joto lote linabaki ndani. Kilo 8 kwa usiku, basi. Kwa kalamu inapendeza. Lakini tunawasihi msifanye hivyo. Mkaa unaowaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Yule anayeingia saa tisa usiku kuongeza mkaa, akainama pale, anaweza asitoke. Tena mimea nayo huumia: ndani ya moshi kuna gesi inayofanya maua ya nyanya yaanguke, yaani ugonjwa ule ule mliokuwa mkiukimbia. Jiko lolote ndani ya nailoni iliyofungwa ni lazima liwe na bomba linalofika nje, na hewa ya kuwakia moto iingie kutoka nje.

Wengine wamesikia kwamba mashamba makubwa ya maua yanapasha joto, kwa hivyo inawezekana. Ni kweli. Kule Naivasha, shamba la Oserian lilianza miaka ya 2000 kutumia mvuke wa ardhini wa Olkaria kupasha joto waridi, hadi eneo likafika kama hekta 50, zaidi ya grinihausi zetu 4,000 za 8 kwa 15. Lakini angalieni mambo mawili. Joto lao lilitoka ardhini, hakuna mama aliyelibeba. Na sababu yao kubwa haikuwa kuzuia maua kuganda, ilikuwa kukausha unyevu wa usiku na alfajiri ili kuvu isishike majani.

Jambo hilo la pili tunaweza kulifanyia kazi hata bila mvuke. Madoa mengi mnayoona mwezi wa saba, yale ya baka ambayo wengi tunayaita blaiti, na ile kuvu ya kijivu kwenye maua, si baridi yenyewe. Ni umande unaodondoka kutoka kwenye nailoni. Mwagilieni asubuhi, si jioni. Teremsheni kuta saa kumi jioni jua likiwa bado lina nguvu, ili mfungie joto la mchana ndani. Asubuhi mfungue mapema jua likichomoza, unyevu utoke. Ondoeni majani ya chini yanayogusa udongo. Kazi hii haina gharama, na tumeona inabadilisha shamba kuliko majiko mengi.

Basi joto lisitumike kabisa? La, hapo hatukubaliani na wanaosema hivyo. Joto lina mahali pake, na mahali pake ni kitaluni. Mbegu ya nyanya inataka udongo wa digrii 20 na zaidi ili iote haraka; kwenye udongo wa digrii 11 inakaa tu mpaka inaoza. Na kitalu ni kidogo.

Tufanye hesabu ile ile. Ndani ya grinihausi, tengenezeni tuta la mita 1 kwa 4, mpinde fito juu yake kama kambi ndogo, kimo cha sentimita 60, na mfunike na nailoni. Eneo la nailoni hiyo ni kama mita za mraba 8. Tunataka digrii 20, na ndani ya nyumba usiku ni kama 12, kwa hivyo tunaongeza 8. Zidisheni: 8 mara 7 mara 8 ni wati 448. Kwa masaa 10 ni yuniti 4 na nusu, badala ya 65. Mkitandaza juu yake magunia makavu au blanketi kuukuu kila jioni, itashuka hadi nusu, kama yuniti 2 na robo.

Joto hilo linaweza kutoka kwa maji. Jerikani ya lita 20 yenye maji ya digrii 50, ikipoa hadi 20, inatoa kama yuniti 0.7. Kwa hivyo jerikani 3 au 4 za maji moto, zikilazwa kati ya trei za miche saa tatu usiku, zinatosha. Maji yasiwe ya kuchemka, plastiki italegea na mtu ataungua. Yawe ya moto ambayo mkono unayavumilia kwa muda mfupi tu. Kwa jiko la kisasa la kuni, kuyapasha kunataka kilo 3 hadi 4 za kuni, sehemu moja ya kumi ya zile za nyumba nzima, na hakuna moshi unaoingia kwa mimea. Wakati huo huo chai ya jioni inapikwa. Mkitaka kulinganisha: kupasha nyumba nzima kwa maji yaliyopata joto la jua, yakipoa kwa digrii 10, mngehitaji jerikani 280 usiku mmoja. Mtu alituuliza kama mapipa mawili ya maji meusi yatatosha, sasa anaweza kujijibu.

Wenye ng'ombe wana njia nyingine: chimba chini ya tuta, jaza samadi mbichi iliyochanganywa na nyasi kavu kama sentimita 30, shindilia, nyunyizia maji kidogo, kisha weka udongo juu. Itachemka yenyewe kwa wiki kadhaa. Ngojeni siku chache kabla ya kuweka trei, kwa sababu mwanzoni joto lake ni kali.

Faida ya kitalu chenye joto ni kalenda. Mkisia Juni katika tuta hili, miche itakuwa tayari mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti. Mkiihamisha wakati huo, maua yatafunguka Septemba, baridi ikiwa imepungua, na hamjawasha moto hata siku moja ndani ya nyumba kubwa. Na katika hiyo nyumba kubwa, kati ya Juni na Julai, kuna spinachi na sukuma wiki ambazo hazina ugomvi na digrii 11.

Kwa mkutano wenu ujao, tunawaomba mfanye yafuatayo. Pimeni nailoni yenu, na mtu mmoja aandike daftarini. Someni kipimajoto kwa usiku saba. Zidisheni mpate yuniti za usiku mmoja, kisha mgawe kwa 2 mpate kilo za kuni. Halafu mjadiliane:

Ni nani katika kikundi chetu atakayebeba kuni hizo, na ni nani atakayeamka? Je, ni watu wale wale?

Jiko la fundi ni bei gani, na pesa hizo zingenunua mita ngapi za nailoni ya pili?

Miche ya tuta moja la mita 4 itatosha nyumba yetu, na itakayobaki tutawauzia majirani kwa bei gani?

Vikundi vitakavyotuletea daftari lenye namba za usiku saba, tutakaa nao tupitie hesabu pamoja. Andikeni pia jina la kijiji na kama grinihausi iko mlimani au bondeni.